Chembe ya Mia na Moja

Kengele yenyewe ilikuwa ndogo, ya shaba, imefichwa ndani ya kisanduku cha chuma chenye vitufe vitano. Ukibonyeza kitufe, tarakimu inapanda. Jumla ikifika mia, kengele inalia mara moja, kisha kimya. Aune Saarela aliisikia kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na miwili, katika maabara ya hospitali ya mji wa machimbo ya chuma, kaskazini mwa Minnesota. Hadi anakaribia kustaafu alikuwa ameisikia mara nyingi kuliko alivyowahi kusikia jina lake likiitwa. Lakini ni mlio mmoja tu uliomfuata nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu chembe nyeupe za damu. Tone la damu huwekwa kwenye kipande cha kioo, likasukumwa mara moja kwa ukingo wa kioo kingine, likatandaa kama ulimi: mzito kwenye shina, mwembamba kadiri unavyokwenda, na ncha yake imechanikachanika kama unyoya. Likikauka hutiwa rangi. Chini ya hadubini chembe nyekundu hujazana kama dengu zilizomwagika sakafuni, hazina hesabu. Nyeupe ni chache, zimesimama mbalimbali, kila moja na kiini chake cha zambarau. Mhesabuji hupanda, akasogea, akashuka, akizibainisha moja moja na kubonyeza kitufe cha kila aina, mpaka mia itimie.

Shuleni watoto hufundishwa kwamba hizo ni askari wa mwili. Aune hakuupenda mfano huo. Askari huamriwa na hulipwa. Yeye aliziona kama wazima moto wa kujitolea wa mji ule, watu wenye shughuli zao nyingine, ambao king'ora kikilia huacha kijiko ndani ya supu wakakimbia. Zile zilizo nyingi kuliko zote, zenye kiini kilichogawanyika kama shanga tatu kwenye uzi, ndivyo zilivyo. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, mabilioni kwa siku, zikazunguka katika damu kwa saa chache tu. Mahali pakijeruhiwa zinanusa moshi, zinajipenyeza katika ukuta wa mshipa kama mtu mnene anavyopenya kwenye ua wa miti, zinameza vijidudu na kufia hapo hapo. Usaha tunaoufuta kwa pamba na kuutupa kwa kinyaa ni maiti zao.

Za pili, ndogo, za mviringo, karibu zote kiini kitupu, zilimkumbusha akina mama wa jikoni kanisani. Hawana haraka, ungedhani hawafanyi kitu, lakini hawasahau. Mtu aliyeugua surua akiwa na miaka minne, akifika themanini bado anazo chembe zinazomjua mgeni yule kwa sura, na akirudi mlangoni humkamata kabla hajavua kofia. Mwenyewe amekwisha kusahau. Damu yake haijasahau. Alipokuwa msichana, wazo hilo lilimfariji Aune. Baadaye lilikuja kumtisha.

Palikuwa na desturi mbili katika maabara ile, na zote mbili alizipokea kwa Bi Hegstad, mkuu wa maabara wa siku hizo, mwanamke mrefu mwenye harufu ya sabuni ya kufulia. Ya kwanza: usisome jina. Mji ulikuwa mdogo, kila damu ilikuwa ya mtu unayemjua, kwa hiyo ulifunika jina kwa kidole gumba mpaka umalize, ili moyo usiutikise mkono. Ya pili: kengele ikilia, ondoa mkono. Kuna vioo vingine arobaini vinangoja. Na usiende kwenye unyoya, kule chembe zimevutwa na kuharibika sura, utaona majini yasiyokuwepo. Bi Hegstad alikuwa akisema, bila kucheka, kwamba anayetafuta ya mia na moja anatafuta balaa.

Jumamosi ya tarehe ishirini Juni, mwaka 1981, Aune alikuwa peke yake na kioo cha mwisho cha zamu. Chembe zilikuwa chache mno. Mashine ya kutoa jumla ilikuwa imetoa elfu moja na mia tisa, pungufu ya nusu ya kawaida, na ilimbidi atembeze kioo muda mrefu ili apate mia yake. Nje Reino, mchumba wake, alikuwa amekwisha kupiga honi mara mbili. Nyuma ya gari kulikuwa na samaki wa moshi, bia, na kuni za moto mkubwa wa sikukuu ya kiangazi, ambao Wafini wa mji ule huuwasha kando ya ziwa.

Tisini na nane. Tisini na tisa. Kwa kusaka alikuwa amesogea hadi karibu na unyoya. Mia. Kengele ikalia. Kidole chake kilikuwa bado kinasukuma kioo, kwa mazoea tu, na chembe nyingine ikaingia katika duara la mwanga. Ilikuwa kubwa. Kiini chake kilikuwa kipana, chepesi, kama cha kitu kilichotolewa tumboni kabla ya wakati, na pembeni mwa kiini kulikuwa na vijiti vyembamba vyekundu, vingi, kama kitita cha sindano.

Aliiona kwa muda wa pumzi moja. Honi ikalia mara ya tatu. Akajiambia ni rangi imeganda. Akajiambia ni unyoya, na kwenye unyoya mtu huona majini. Akaandika majibu ya chembe mia, mia za kweli, hakuna hata moja aliyoidanganya. Kisha akaondoa kidole gumba akasoma jina: Rozina Strukel, miaka kumi na tisa.

Alimfahamu. Alhamisi ya juma lile lile Rozina alikuwa amemuuzia mkate wa shayiri pale kwenye duka la mikate alikofanya kazi, mkono wake una doa la bluu, na Aune akamtania kwamba huyo mchumba wake anamshika vibaya. Rozina akacheka, akasema mchumba hana, labda sinia za mkate ndizo zimemposa.

Hapo kioo kilikuwa bado hakijatiwa kwenye droo ya kuhifadhia. Kukirudisha chini ya lenzi kungemchukua nusu dakika. Akazima taa ya hadubini akatoka kwenda kwa Reino.

Daktari wa zamu alisoma kwamba chembe nyeupe ni chache na vigandisha damu vimepungua. Akaangalia fizi zilizovimba, akapima homa, akasema ni virusi, apumzike, arudi baada ya siku kumi. Siku ya tisa Rozina aliinama kuokota sinia na mshipa ukapasuka kichwani. Uboho wake ulipopimwa Duluth, mji mkubwa wa karibu, ikajulikana kwamba ilikuwa saratani ya damu, ile aina inayokwenda mbio. Uboho unageuka kitalu cha watoto wasiokua. Wanazaliwa, wanajazana, wanawasukuma wengine nje, wala hakuna kazi wanayoijua. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa hata nguo haikuwapo, ilikuwa ndani ya mfupa. Wachache huponyoka na kuingia katika damu. Ni wakubwa, na kwa ukubwa wao, mkono unapotandaza tone, huburutwa mpaka mwisho kabisa. Mpaka kwenye unyoya.

Hakuna aliyekuja kuuliza kuhusu kioo. Siku ya tatu baada ya mazishi Aune alifungua droo mwenyewe, akakitoa, akakifunga kwa karatasi laini, akakipeleka nyumbani akakitia ndani ya kopo tupu la kahawa. Kisha hakukiangalia tena. Hilo ndilo lililomkalia rohoni kuliko hata wizi wenyewe. Huenda ilikuwa rangi iliyoganda kweli. Huenda alikuwa ameijaza ile chembe sindano baada ya kusikia habari, kama ndoto inavyojazwa asubuhi. Nusu dakika ya hadubini ingemwambia, na kwa miaka thelathini na minane hakuitafuta nusu dakika hiyo. Aliolewa na Reino, akamzika Reino, na Reino hakujua kopo lile lina nini.

Desemba ya mwaka ule ule mama yake Rozina alikuja kwenye dirisha la maabara. Antonija Strukel, ambaye mji mzima ulimwita Tonka, alikuwa mpishi wa shule, mfupi, mwenye mikono ya kukandia unga. Alileta potica, ule mkate mtamu wa Waslovenia unaotandazwa mezani mwembamba kama shuka, ukapakwa njugu na asali, ukaviringwa kama mkeka. Alisema ni wa wale walioshughulika na damu ya mwanawe. Aliyekuwa dirishani ni Aune. Kuukataa kungekuwa kukiri, basi akaupokea. Wenzake walipokata kila mmoja kipande, naye akakata, kwa sababu asiyekula angeulizwa.

Bi Tonka alirudi Desemba iliyofuata, na iliyofuata. Wakuu wa maabara walibadilika, Bi Hegstad akafa, mashine zikaja zinazopiga picha chembe na kuzipanga zenyewe kwa aina, na bado kila Krismasi ulikuja mkate mmoja ndani ya kitambaa chenye mistari ya bluu. Aune alihesabu, kwani kuhesabu ndiko alikokujua. Mikate thelathini na minane. Kila mwaka tangu mwanzo wa Novemba usingizi ulimpungua, na milio ya jikoni, saa ya kuokea, kijiko kwenye glasi, ilimfanya ainue mkono juu ya meza kama aliyeungua.

Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Aune angestaafu mwisho wa Oktoba. Juma la mwisho alikitoa kioo kwenye kopo akakitia ndani ya sanduku lake la chakula, chini ya mkate wa samaki. Alikusudia siku ya mwisho kukitupa katika pipa la vioo vilivyovunjika, kiende kuchomwa pamoja na vya watu wengine. Alikibeba siku mbili. Siku ya tatu, asubuhi, kulikuwa na mtu dirishani.

"Nasikia unatuacha," Bi Tonka alisema. Alikuwa na miaka themanini na sita, amevaa koti la manyoya ya kuiga na viatu vya theluji ingawa theluji ilikuwa bado. "Nikasema basi, mwaka huu nisingoje Krismasi. Huu si wa maabara. Wa kwako peke yako, usiwape hao walafi."

Mlafi mkuu, Dale Perpich, mwanamume mnene aliyefanya kazi na Aune miaka ishirini, aliinua kichwa nyuma ya mashine. "Bi Tonka, mimi nimekukosea nini?"

"Wewe mkeo anajua kupika."

"Ndio maana nalia, mama. Anajua na hapiki."

Bi Tonka aliusukuma mkate chini ya dirisha. Kitambaa kile kile, mistari ile ile. Aune alitazama mikono yake mwenyewe ikigoma.

"Mama, siwezi kuupokea."

"Una kisukari?"

"Hapana."

"Basi shika, mkono wangu unachoka."

Hakushika. Alizunguka, akafungua mlango wa pembeni, akatoka kwenye ukumbi mahali pasipokuwa na kioo kati yao, na hapo wamesimama, kando ya mashine ya kahawa, akamwambia. Alimwambia kuhusu kengele, honi, chembe moja kubwa yenye sindano, kidole gumba, droo, kopo. Hakulia. Alikuwa ameyapanga maneno yale kwa miaka mingi hivi kwamba yalitoka makavu, kama mtu anayesoma majibu ya mgonjwa kwenye simu.

Bi Tonka alisikiliza ameinamisha kichwa upande wa sikio zima. Alipomaliza kusikiliza aliuhamisha mkate kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Na mikate ukala?"

"Nilikula."

"Yote?"

"Kila mwaka, mama."

"Ilikuwa mitamu?"

"Ilikuwa mitamu."

Bi Tonka alitikisa kichwa polepole, kama aliyeelezwa bei ya kitu. Akauliza hicho kioo kiko wapi. Alipoambiwa kwamba kimo ndani, ndani ya sanduku la chakula, alisema tu, "Nionyeshe."

Mgeni haruhusiwi kuingia maabara. Dale aliwaona wakiingia, kibibi na koti lake na mkate wake, akausoma uso wa Aune, akavua glavu. Alisema yeye anakwenda kula, na akila huwa haoni watu.

Palikuwa na hadubini ya kufundishia, yenye macho pande mbili, ili wawili waone kitu kimoja. Aune alimkalisha Bi Tonka upande mmoja, akamrekebishia kiti, akaweka tone la mafuta juu ya kioo. Mikono yake ilijua kazi, ikaifanya bila yeye. Duara la mwanga likafunguka. Rangi ilikuwa imefifia, zambarau imekuwa kama maji ya kabichi nyekundu, lakini kila kitu kilikuwapo.

"Huyu ndiye yeye?"

"Ni damu yake, mama. Ya Jumamosi ile, saa tano na nusu asubuhi."

Bi Tonka alisogeza uso kwenye lenzi. Pumzi yake ilikuwa karibu sana. Kisha akauliza hizi zenye shanga zinafanya nini, na Aune akamweleza habari za wazima moto, jinsi zinavyoacha chakula chao na kukimbilia moshi.

"Hizi zilikuwa zinakwenda wapi?"

"Kwenye fizi zake, nadhani. Fizi zilikuwa zimevimba."

"Zilijua kwamba haziwezi?"

"Hazijui, mama. Zinasikia king'ora, zinakwenda."

"Chache sana."

"Chache. Lakini zilikwenda."

Ikapita moja ndogo ya mviringo, na Bi Tonka akataka kujua na hiyo ni ya nini. Aune akasema hiyo ni ile inayokumbuka. Rozina aliwahi kuugua nini utotoni? Bi Tonka akajibu papo hapo, surua, mwaka wa sitini na sita, juma zima ndani ya chumba chenye mapazia, alitaka barafu ya kulamba tu. Basi, Aune akasema, katika hizi ziko zilizokuwa bado zinaikumbuka surua ile.

Bi Tonka aliliondoa jicho lake, akalifuta kwa kona ya kitambaa cha mkate, akalirudisha.

"Sasa hesabu. Kwa sauti. Kama ulivyohesabu siku ile."

Aune alikivuta kisanduku cha vitufe. Akaanzia shinani, akapanda, akasogea, akashuka. Moja. Mbili. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu ngazi gizani. Ilichukua muda mrefu, kama siku ile, maana zilikuwa chache. Nje ya mlango mtu alipita na toroli la nguo chafu. Tisini na saba, tisini na nane. Tisini na tisa. Mia. Kengele ikalia, na mkono wake ukaruka juu ya meza peke yake.

"Endelea," alisema Bi Tonka.

Hakuweza kushusha mkono. Bi Tonka, bila kuondoa jicho, alinyoosha mkono wake wa kukandia unga, akaushika wa Aune, akaurudisha kwenye kioo.

"Endelea, binti."

Ya mia na moja ikaingia. Ilikuwa kubwa. Kiini kilikuwa kipana na chepesi, na sindano zilikuwapo, kitita kizima, vijiti vya waridi vilivyofifia. Hakuna kilichokuwa kimeganda. Hakuna alichokuwa amekiongeza katika ndoto. Alikuwa ameiona sawasawa kabisa, na kwa sekunde moja, Mungu amsamehe, kitu kama fahari ya fundi kilimpita kifuani.

Kisha akasukuma kioo, akaingia katika unyoya. Ikaja nyingine. Na nyingine pembeni yake. Katika mchaniko mmoja zilikuwa tatu, zimebanana kama abiria waliosukumwa nyuma ya basi. Aliendelea kuhesabu kwa sauti kwa sababu hakujua namna ya kuacha, akafuata ukingo wote wa ncha, kutoka upande huu mpaka upande ule, hadi pakabaki kioo kitupu.

"Ngapi?"

"Kumi na nne."

"Uliniambia moja."

"Nilidhani ni moja, mama."

Bi Tonka aliegemea nyuma. Bila hadubini uso wake ulionekana mdogo. "Miaka yote hiyo umebeba moja," alisema, "na zilikuwa kumi na nne." Haikuwa laana, wala haikuwa huruma. Baadaye akauliza lile ambalo Aune alikuwa akilingoja tangu ukumbini: je, angepona?

Aune alimwambia ukweli, na ukweli haukuwa na sura nzuri. Dawa inayowaponya wengi leo wakati ule haikuwapo. Lakini wangempeleka kwenye hospitali kubwa ya Rochester siku ile ile, wangempa vigandisha damu vya watu wengine, wangempa dawa kali za wakati ule. Wapo waliopona. Wengi hawakupona. Hajui. Hilo hakuna kioo kitakachomwonyesha.

"Basi hujui."

"Sijui."

Bi Tonka alikunjua kitambaa cha mistari, akaufunua mkate, akauweka mtupu juu ya meza, kisha akaonekana kubadili nia, akautia ndani ya koti lake. Kioo alikifunga katika kitambaa. Hakuomba ruhusa. Mlangoni alisema mkate anarudi nao, ila hajui kama ataweza kuula. Aune alimsikia akishuka ngazi, kiatu kimoja baada ya kingine, naye, bila kutaka, akazihesabu. Kumi na nane.

Siku ya mwisho walimfanyia sherehe ya kahawa na keki ya dukani. Dale alitoa hotuba iliyojaa matani, akasema Aune amehesabu chembe nyingi hadi zikianza kumwamkia shikamoo atachoka kuitikia. Kisha wakamkabidhi zawadi. Kilikuwa kile kisanduku cha vitufe vitano, kimesuguliwa kikang'aa, kimebandikwa kwenye ubao wa mti wa mwaloni. Kengele bado inafanya kazi, Dale alisema, na akabonyeza mpaka ikalia. Wote wakapiga makofi. Aune aliweka mikono yake mapajani.

Desemba haukuja mkate, wala kwake wala maabara. Mwezi wa pili, siku ya baridi kali, simu ililia. Bi Tonka alisema amenunua hadubini kwenye mnada wa shule iliyofungwa, mpwa wake ameiweka mezani, lakini hata atazame vipi haoni ila kope zake mwenyewe. "Njoo Alhamisi," alisema. "Na uje na hicho kidude cha kengele, nasikia wamekupa."

Tangu siku hiyo Aune huenda kila Alhamisi, saa nne asubuhi. Kahawa haitolewi. Mezani kuna hadubini tu, na karibu na dirisha picha ya msichana aliyevaa aproni, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Aune huanzia shinani, akapanda, akasogea, akashuka, akihesabu kwa sauti. Bi Tonka hukaa kando amefumba macho, maana hadubini ile ni ya jicho moja na macho yake yamechoka. Kengele inapolia, hakuna mkono unaoruka tena. Bi Tonka husema tu, "Endelea," kama mtu anayeitikia sala.

Alhamisi ya tatu Aune alimweleza kwamba mwanga unakula rangi. Kila wanapotazama, Rozina anafifia kidogo. Afadhali wakiweke kioo gizani, wakitoe mara moja kwa mwaka, siku yake ya kuzaliwa labda. Bi Tonka alifikiri. Akasema gizani kimekaa vya kutosha.

Majira ya kuchipua yalipofika, zile zenye shanga zilikuwa zimekuwa kama pumzi kwenye kioo cha dirisha. Aune alizijua kwa mahali pake zaidi ya kwa sura. Kwenye unyoya alipita polepole kuliko kawaida, jicho linamchoma, akarudi, akapita tena. Nyingine hazikuwa na sindano tena. Nyingine hazikuwa na ukingo, palikuwa na weupe tu mahali zilipokuwa. Aliziona tisa.

"Ngapi?" Bi Tonka aliuliza, macho yamefumbwa.

Mkono wa Aune ulikuwa juu ya vitufe. Barafu ya paa ilikuwa ikidondoka nje, tone kwa tone.

"Kumi na nne, mama," alisema.

Bi Tonka aliitikia kwa kichwa. "Zimetimia," alisema, akanyoosha mkono apewe kioo.